Vipande Sita vya Kupeleka Beni

Wako watu wanaoogopa kwa moyo, na wengine kwa tumbo. Mimi naogopa kwa dole gumba la mkono wa kuume. Likianza kutetemeka, najua mambo yameharibika, hata kama kichwa bado kinajidanganya.

Jumatano ile ya mwaka 2001 lilianza kutetemeka saa mbili asubuhi, askari wawili waliposhuka kwenye pikipiki mbele ya karakana yetu kule Vulamba, Butembo. Mume wangu, Syauswa, hakuwapo. Siku tisa kabla alikuwa amechukuliwa na gari la jeshi lililoshika Beni wakati ule, akatengeneze jenereta ya kambi yao. Jina la jeshi lenyewe sitalitaja, maana majina yalikuwa yakibadilishwa kama mashati. Sisi raia tulisema tu "bale batu", yaani wale watu, na kila mtu alielewa. Walikuwa wameahidi kwamba atarudi baada ya siku mbili.

Askari mmoja, mrefu, wa sauti ya upole, alitoa karatasi mfukoni na kuifungua juu ya meza yangu ya kazi.

"Mama Emérence, unajua hii?"

Ndani ya karatasi kulikuwa na kipande cha fedha, chembamba, cha ukubwa wa stempu ya posta, kimejikunja upande mmoja kwa moto. Nilikijua kama ninavyojua meno ya watoto wangu.

"Njo bile tulitengeneza," nikasema.

"Bon. Bwana yako alituletea uchafu. Hii kintu ilibanduka, contacteur ikashikana, groupe ikakatala kuzimika, phonie, redio ya commandant, ikaungua. Na ni siku adui alikuwa anakuja. Commandant anasema ni sabotage, ni kusudi." Alikunja karatasi tupu akairudisha mfukoni, kile kipande akakiacha. "Bwana yako eko mu cachot, bamemufunga. Vendredi, kesho kutwa, saa sita ya muchana, ulete ingine sita. Za muzuri. Saa sita ikipita..."

Hakumaliza. Alimtazama mwenzake, na mwenzake akatazama barabarani. Hilo lilinitisha kuliko kama angemaliza.

Walipoondoka nikakigeuza kile kipande. Upande wa chini, ule uliopaswa kushikamana na shaba, ulikuwa umechubuka, una wekundu wa shaba kila mahali, isipokuwa mistari miwili iliyobaki myeusi na laini. Mmoja ulisimama wima, mwingine uliukatiza katikati. Ulikuwa msalaba. Nikaketi chini sakafuni, kwenye vumbi la makaa.

Lazima nieleze kazi yetu kidogo, la sivyo hamtajua kwa nini niliketi chini.

Ndani ya swichi kubwa ya jenereta, ile ambayo askari aliita contacteur ya groupe, au ya kinu cha unga, kuna vipande vya shaba vinavyogusana na kuachana. Vikigusana, umeme unapita. Vikiachana, unakatika. Kila mara cheche inaruka, na shaba peke yake haivumilii cheche; inaungua, inakuwa nyeusi, inagoma. Kwa hiyo pale mahali pa kugusana huwekwa ngozi ya fedha. Zamani vipande hivyo vilitoka Ulaya vikiwa tayari. Vita vilipofunga njia, vinu vya Butembo vikaanza kusimama kimoja kimoja, na Syauswa akakaa miezi minne akiharibu shaba mpaka akapata namna ya kuvitengeneza mwenyewe.

Si kazi ya kulehemu. Unasugua shaba na fedha kwa mchanga laini na ndimu, mpaka maji yatandae juu yake bila kujikusanya matone. Kuanzia hapo hakuna mkono unaogusa, ni koleo tu. Unalaza fedha juu ya shaba, unaikandamiza kwa bamba la chuma, unafunga kwa waya, unatia kwenye makaa. Halafu unakodolea macho ukingo. Fedha itatoa jasho: mstari mwembamba unaong'aa pembeni. Hapo hapo unatoa. Ukichelewa, vyote vinayeyuka. Ukiwahi, havijashikana. Kikipoa unakigonga kwa nyundo ndogo. Kilichoshikana kinalia kama kitu kimoja, na kisichoshikana kinatoa sauti ya sahani yenye ufa.

Sasa, sisi ni Wakatoliki. Kabla ya kutia kifurushi motoni nilikuwa nachora msalaba juu yake kwa dole gumba, juu ya chuma na waya, kwa nje. Syauswa ndiye aliyeanzisha. Alisema bila msalaba fedha haitoi jasho. Nilimcheka, lakini nilichora kila siku kwa miaka miwili, hata dole gumba likazoea kwenda lenyewe.

Siku niliyotengeneza vile sita vya kwanza, siku ileile alipochukuliwa, risasi zilikuwa zikipigwa barabara ya chini. Gari la jeshi lilikuwa mlangoni, injini inanguruma, na Syauswa alikuwa nje akibishana na dereva. Nilikuwa nimetoka jikoni kutia mawese kwenye sombe la majani ya muhogo. Mikono nilikuwa nimeifuta, sikuinawa. Kipande cha sita kilikuwa bado wazi mezani, fedha imeelekea juu upande wake safi, haijalazwa. Risasi moja ikapiga bati la jirani. Dole gumba likaenda lenyewe, likachora msalaba kwenye ile fedha safi.

Niliona. Hapo ndipo penye dhambi yangu, na sitaificha: niliona. Ilinipasa kusugua upya, kuosha upya, kungoja maji yatandae. Badala yake nilipangusa kwa kitambaa, nikalaza, nikafunga, nikatia motoni. Kilipopoa nikakigonga. Mlio wake ulikuwa chini kidogo ya mlio wa wenzake, kidogo sana. Kwa kawaida Syauswa ndiye aliyegonga, maana alikuwa na masikio ya popo, lakini siku hiyo askari walikuwa wanamvuta mkono.

"Mama Adèle, zimelia?" aliniuliza kutoka mlangoni. Adèle ni mtoto wetu wa kwanza; Emérence ni jina langu mwenyewe.

"Zimelia," nikasema.

Nimegombana na nusu ya mtaa wa Vulamba kwa maneno makali zaidi ya hilo, na sijawahi kujuta. Neno hilo moja tu ndilo lililomtia mume wangu kwenye cachot.

Shaba tulikuwa nayo, ya nyaya za zamani. Fedha haikuwapo hata punje. Nilikuwa bado nimeketi sakafuni nikifikiria pete zetu za harusi, ambazo ni za dhahabu ya uongo, nilipomwona Faida amesimama mlangoni. Faida ni jirani yetu, mke wa Shafii, yule mwenye pickup ya kubeba mizigo kati ya Butembo na Beni. Alikuwa ameona pikipiki ya askari na hakungoja kuitwa.

"Bale batu balikuwa banatafuta nini?"

Nikamweleza yote. Msalaba sikuutaja. Kipande nilikifumba mkononi.

Faida alisikiliza akiwa amesimama vilevile. Kisha akaanza kuvuta bangili kwenye mkono wake wa kushoto, moja, halafu nyingine. Zilikuwa nzito, za fedha tupu, za bibi yake aliyetoka Ujiji. Moja ilikwama kwenye kifundo, akailowesha mate na kuivuta mpaka ngozi ikachubuka.

"Mama Faida, hizi nitaziyeyusha. Hazitarudia tena kuwa bangili."

"Minajua moto inafanya nini. Twaa."

"Nitakupatia nini mie?"

"Utanipatia Papa Adèle muzima. Shafii atakubeba vendredi, asubuhi mapema." Akanitazama. "Simama basi, mama. Utaketi pale mpaka lini?"

Nililia hapo, kwa sauti, bila aibu. Kisha nikasimama.

Alhamisi tulifanya kazi. Watoto nilikuwa nimewapeleka kwa Faida, na Faida mwenyewe alikaa kwangu kwenye mvukuto, kanga yake ameifunga kiunoni. Niliyeyusha bangili, nikamimina, nikaponda fedha mpaka ikawa nyembamba kama ukucha, nikakata vipande sita. Zilibaki chembe za tupa tu, za kujaza kijiko cha chumvi. Hakukuwa na kipande cha saba. Nilinawa mikono kwa sabuni mara tatu. Halafu nikachukua kitambaa na kufunga lile dole gumba, nikakaza fundo kwa meno.

"Umejikata?" Faida akauliza.

"Hapana. Ni kwa kulizuia."

Alivuta mvukuto.

Cha kwanza kilitoa jasho vizuri. Cha pili pia. Kila kifurushi nilichotia motoni bila msalaba kilinipa woga wa aina nyingine: nilikuwa naogopa kuchora na naogopa kutochora. Nilimwomba Nyamuhanga, Mungu kwa lugha yetu, kwa mdomo tu, nikamwambia leo anisamehe, mkono umefungwa.

Saa nane lori la askari lilipita barabarani, polepole, likasimama mbele kidogo ya kwetu. Faida aliendelea kuvuta, macho yake kwenye makaa kama nilivyomtuma. Mimi nilikuwa na kipande cha sita mezani. Nilikuwa nasikiliza milango ya lori. Ilifunguliwa, ikafungwa, watu wakacheka, lori likaondoka. Nikalaza fedha, nikafunga waya, nikatia motoni. Ndipo nikaona kitambaa.

Kilikuwa sakafuni, karibu na mguu wa meza, fundo limefunguka. Nikatazama dole gumba langu. Lilikuwa tupu.

"Mama Faida, uliona mikono yangu sasa hivi?"

"Mie nilikuwa naangalia moto. Si njo ulinituma?"

"Haukuona kama niligusa?"

"Mama Emérence, inatoa jasho!"

Nikatoa. Kilipopoa nikakigonga. Kililia. Nikagonga tena, kikalia, au nilifikiri kinalia, maana masikioni mwangu kulikuwa na mvumo wa lori ambalo lilikuwa limekwisha kufika mbali. Fedha na shaba zikishatoa jasho pamoja huwezi kuzitenganisha ili uchungulie ndani. Nikavifunga vyote sita kwenye kitenge, cha sita nikikitia mkwaruzo mmoja ukingoni. Nilijaribu kukumbuka lile dole gumba lilifanya nini nilipokuwa nasikiliza lori, na sikukumbuka kitu.

Ijumaa tuliondoka saa moja. Shafii alikuwa amepakia viazi vya Kipese, kule milimani, nami nikakaa mbele, kifurushi nimekifunga tumboni kama mwanamke mwenye mimba changa. Njia ilikuwa tope. Maboya tulipita bila neno. Kabasha kulikuwa na kamba imevutwa barabarani, na askari mmoja ameketi juu ya tairi.

"Nini oyo?" akauliza, kidole tumboni kwangu.

"Ni bintu ya groupe, ya commandant wa Beni," Shafii akajibu haraka. "Chef, tuna haraka, banatungojea."

Askari akataka nifungue. Nikafungua. Jua lilipogonga ile fedha, macho yake yakabadilika. Alichukua kimoja, akakipima mkononi, akakitia mfukoni, akaanza kuchukua cha pili. Shafii alinishika goti, kwa kunisihi ninyamaze. Yeye ni mtu wa njia, anajua wakati wa kunyamaza. Mimi sijui, na sikuwahi kujua.

"Twaa yote," nikamwambia yule askari. "Mais niambie jina yako kwanza. Nikifika mikono mitupu, commandant ataniuliza ni nani alimuzimia groupe yake."

Askari hakunipa jina. Alitukalisha pale, jua linapanda, zaidi ya saa moja, ili tujue nani mkubwa. Halafu akakitoa kile kipande mfukoni, akakitupa kwenye mapaja yangu na kufungua kamba. Tulipopita kona ya kwanza nikavihesabu vile vipande mapajani: sita.

"Siku ingine utatuuwisha," Shafii akasema.

Kambi ya Beni ilikuwa kwenye ghala la zamani la kahawa. Tulifika saa sita kasoro dakika ishirini. Shafii walimbakiza getini. Commandant alikuwa ameketi barazani, mwanaume mnene kidogo, amenyolewa vizuri, na saa yake ya mkononi ameivua na kuilaza juu ya meza mbele yake. Alipoiangalia, nami nikaiangalia.

"Bamulete," akasema.

Wakamleta Syauswa. Alikuwa anatembea mwenyewe, namshukuru Mungu. Uso ulikuwa umevimba, shati si lake. Nikamwita. Hakugeuka. Nikamwita tena, Papa Adèle, kwa nguvu, kutoka hatua nne, na bado alikuwa anatazama ardhi mpaka askari alipomsukuma kichwa upande wangu. Ndipo nikaona damu iliyokauka kwenye masikio yake yote mawili.

"Haina masikio tena," commandant akaniambia, kama mtu anayeeleza habari ya mbuzi wa jirani. "Alijitafutia mwenyewe. Mie nilitaka tu atengeneze. Mais siku ile groupe iliharibika, tulimukuta na lime, tupa yake, mukononi, anakwangua kile kipande cha shaba. Anafuta kintu. Tukamuuliza: unafuta nini? Akakatala kusema. Siku mbili anakatala. Mutu anafuta preuve ya kosa yake, utamufanya nini?"

Alikuwa ananiuliza kweli, anangoja jibu. Ndipo nikaelewa. Kwenye shaba ulibaki msalaba uleule uliokuwa kwenye fedha. Syauswa aliuona kabla yao, akajua ni dole gumba la nani. Alichukua tupa akaufuta, na alipoulizwa alinyamaza, nao wakampiga makofi ya masikio, yote mawili kwa pamoja, siku mbili. Ile fedha yenyewe ilikuwa imenasa upande wa pili wa swichi, hakuiwahi.

"Dakika kumi na tano," commandant akasema.

Nikafungua kitenge juu ya meza, kile cha mkwaruzo nikakiweka mwisho. Syauswa akavitazama vile vipande, akatazama mikono yangu, akachukua nyundo ndogo kwenye sanduku lake la vyombo. Akagonga cha kwanza, kama alivyogonga mamia. Akasimama hivyo, nyundo hewani. Akagonga tena. Nikaona uso wake unavyoelewa. Mtu aliyeweza kusikia kasoro ya unene wa unywele alikuwa amesimama mbele ya kipande kinacholia, na hakisikii.

Akaniinulia macho. Alipiga kelele bila kujua, kama viziwi wanavyofanya.

"Zimelia?"

Nilifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari, lilelile, na lilikuwa jepesi. Commandant alikuwa ananitazama. Askari wote walikuwa wananitazama. Nikafikiria kile kitambaa sakafuni.

"Sijui," nikasema, na nikatikisa kichwa ili aone. "Ya sita, sijui."

"Haujui?" Commandant alisimama. Kiti chake kilianguka nyuma. "Unanileteya bintu haujui?"

Niliona mkono wake unashuka kiunoni. Sikufikiria lolote la maana. Nilifikiria kwamba sombe nililoacha jikoni jana yake lingekuwa limeoza.

Syauswa hakusikia lolote kati ya hayo. Alikuwa amekiinamia kile kipande cha kwanza, anafikiri. Kisha akakitia mdomoni, ukingo wa shaba katikati ya meno ya mbele, akauma, akafumba macho na kukigonga kwa nyundo taratibu. Alibaki hivyo. Uso wake ukalegea, polepole, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kutoka mbali.

"Anakula bintu yangu?" commandant akauliza. Askari mmoja akacheka, wengine wakamfuata. Mkono wa commandant ukarudi mezani.

"Anasikia na meno," nikasema. "Mon commandant, muache. Anasikia na meno."

Cha kwanza akakiweka kulia. Cha pili kulia. Cha tatu, cha nne, cha tano. Mimi nilikuwa nahesabu meno yangu kwa ulimi nisianguke. Alipofika cha sita aliuma, akagonga, akafungua macho. Akakigeuza, akauma upande wa pili, akagonga. Akafanya hivyo mara ya tatu. Kisha akakitoa, akakifuta mate kwenye lile shati lisilo lake, akanitazama, na akakiweka kulia pamoja na wenzake.

Alivifunga ndani ya swichi haraka. Mikono yake haikuwa imesahau kitu. Saa sita kasoro dakika nne aliwasha jenereta. Swichi ikagonga ndani ya sanduku lake, taa ya barazani ikawaka, phonie mpya waliyokuwa wameileta ikaanza kukwaruza. Commandant akaamuru izimwe. Ikazimika. Iwashwe. Ikawaka. Alifanya hivyo mara kumi, na kila mara dole gumba langu liliruka ndani ya ngumi niliyolifichia. Baada ya mara ya kumi akachukua saa yake mezani, akaivaa.

"Muende."

Tulitembea mpaka getini. Hatukukimbia. Ukikimbia mbele ya mtu mwenye bunduki unamkumbusha kwamba anayo.

Ndani ya pickup nilikaa katikati, Syauswa dirishani, nimemshika mkono. Shafii aliendesha. Tulikuwa tumekwisha kupita Kabasha, ambapo yule wa tairi hakuwapo tena, ndipo nilipopata nguvu. Nikamwinamia sikio.

"Papa Adèle. Ni mie. Ule musalaba, ni mie nilichora. Niliona, na nikakuambia zimelia."

Alinigeukia, uso uliovimba, ananitazama mdomo.

"Sisikie, mama. Ongea kwa nguvu."

Sikuweza kulisema mara ya pili, kwa nguvu, mbele ya Shafii ambaye mkewe alikuwa ametoa bangili za bibi yake. Nikachukua kiganja chake, nikakifungua juu ya goti langu, na kwa dole gumba nikachora mstari mmoja wima, na mwingine wa kuukatiza. Alikitazama kile kiganja. Kisha akakifumba.

"Minajua," akasema. "Ile niliifuta."

Nikalia. Aliniacha nilie mpaka tulipoanza kupanda kilima. Halafu akaniuliza, kwa sauti yake mpya ya juu ambayo sasa hata Shafii aliisikia:

"Na ya sita? Ulichora tena?"

"Sijui," nikamwonyesha kwa mabega. "Sikumbuki."

"Mie pia sijui," akasema. "Mara ya kwanza meno iliniambia muzuri. Mara ya pili iliniambia hapana. Ya tatu sikuelewa. Mais kipande ingine haikukuwa." Akapiga dashibodi kwa kiganja. "Papa Shafii, usituache Vulamba. Tutwae batoto kwenu, tupande Kipese leo."

Shafii alinitazama mimi, nami nikaitikia kwa kichwa.

Tuliwachukua watoto kwa Faida wakiwa bado na ugali mkononi. Faida alinikumbatia, mkono wake wa kushoto mwepesi mgongoni mwangu. Karakana tuliiacha na mvukuto wake na koleo zake. Shafii aliacha njia ya Beni, akaanza kubeba samaki wa Kyavinyonge, upande wa ziwa, na hakunilaumu hata siku moja, ingawa ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angenilaumu.

Kile kipande cha sita kilidumu siku ngapi, sikupata kujua. Bale batu waliondoka, wakaja wengine wa jina lingine. Mwaka mzima kule Kipese, kila pikipiki iliyopanda kilima ilinikuta nimesimama mlangoni, watoto nyuma yangu, dole gumba linacheza. Nyingine zilikuwa za wauza vitunguu. Zote zilikuwa za wauza vitunguu, lakini mwili haukukubali.

Baadaye vinu vya huko juu vilituhitaji, tukaanza tena, na mvukuto mwingine. Mimi nasugua, mimi naangalia jasho la fedha. Kipande kikipoa Syauswa anakitia katikati ya meno na kugonga, na wateja wapya wanacheka mpaka wanazoea. Nami bado nikiulizwa kama kimelia nasema sijui, muulize yeye. Kabla ya moto, kifurushi kikishafungwa chuma na waya, ni yeye anayechora msalaba juu yake, kwa dole gumba lake. Mimi wakati huo mikono naiweka nyuma.